Kedarnath kwa dakika 36

Gaurikund ndipo barabara inapokomea. Kuanzia hapo hadi Kedarnath, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, huko Uttarakhand kaskazini mwa India, ni kilomita 16 za kupanda. Mwenye nguvu anashika fimbo na kuanza safari. Asiyenazo anapatana bei. Kuna nyumbu wa kukodi. Kuna kiti kinachobebwa na watu wanne. Na kuna tenga: hujaji, mara nyingi bibi mwembamba, anakaa ndani yake na mtu mmoja anambeba mgongoni, ngazi baada ya ngazi, mpaka mita 3,583 juu ya usawa wa bahari.

Machi 2025 baraza la mawaziri la India liliidhinisha gari la waya kutoka Sonprayag, chini kidogo ya Gaurikund, hadi Kedarnath: kilomita 12.9 kwa rupia bilioni 40.81. Mwendo wa saa nane au tisa utakuwa wa dakika 36. Tangu hapo watu wanabishana, na ubishi wenyewe umegeuzwa kuwa wa imani na starehe. Kwa maoni yangu hapo ndipo unapopotoka.

Tuanze na jasho. Wanaopinga wanasema hija isiyo na taabu ni matembezi tu, na simulizi ya mahali penyewe inawapa nguvu. Ndugu watano wa Pandava, mashujaa wa utenzi wa Mahabharata, wakitaka kusamehewa damu waliyomwaga katika vita vya Kurukshetra, walimwandama Shiva milimani. Shiva hakutaka kuonana nao. Akajigeuza fahali, akazama ardhini. Nundu ikabaki Kedarnath, viungo vingine vikachomoza Tungnath, Rudranath, Madhyamaheshwar na Kalpeshwar, na kote huko mpaka leo kuna mahekalu. Mungu aliyewakimbia waja wake mlima kwa mlima, unamfuataje ukiwa umekaa kitini nyuma ya kioo? Hata yeye mwenyewe, hekalu linapofungwa kabla ya majira ya baridi, sanamu yake hushushwa Ukhimath ndani ya machela, mabegani mwa watu, kwa miguu.

Hoja hiyo inanigusa, ila ina tundu. Mababu wa mahujaji hawa walianza kutembea tangu Haridwar au Rishikesh, miji iliyo chini ya milima, safari ya wiki kadhaa. Barabara ndiyo iliyoimeza safari hiyo, na simsikii mtu akidai ifungwe. Halafu yule bibi wa kwenye tenga hatokwi na jasho lolote. Anayetokwa nalo ni kijana aliyembeba, naye yuko kazini, hayuko hijani.

Wanaounga mkono wana ushahidi mzito zaidi, hasa ukitazama namna watu wanavyofika sasa. Juni 15, 2025 helikopta iliyokuwa ikitoka Kedarnath ilianguka karibu na Gaurikund, wote saba waliokuwemo wakafa. Oktoba 2022 nyingine ilikuwa imeanguka, saba pia. Mabonde ni membamba na ukungu hushuka ghafla, lakini foleni ya abiria haipungui. Nyumbu nao wanapandishwa na kushushwa hadi wengine wanaanguka njiani. Mei 2025 mamlaka zililazimika kusimamisha matumizi yao kwa muda baada ya kadhaa kufa katika siku mbili, kukiwa na hofu ya mafua ya farasi. Na usiku wa Julai 31, 2024 mvua kubwa iliikata njia vipande vipande, maelfu wakakwama juu mpaka wakaokolewa. Mzee mwenye magoti mabovu, aliyeahidi tangu ujana kwamba hafi bila kuiona Kedarnath, mimi simwambii apande kwa miguu.

Ila wabeba matenga na wenye nyumbu waende wapi? Wakazi wa mabonde haya huvuna fedha ya mwaka mzima katika ile miezi sita ya hija. Kazi ya kujenga na kuendesha gari la waya imepewa kampuni ya Adani, ambayo italiendesha kwa miaka 29. Fedha iliyokuwa ikigawanyika kwa muuza chai, mchunga nyumbu na mpangisha chumba itaingia kwenye dirisha moja la tiketi. Kule Katra, wanakoanzia mahujaji wa Vaishno Devi, hekalu jingine la milimani India, wenye maduka na wapagazi waligoma mwishoni mwa 2024 kwa sababu ya mradi kama huu. Watanzania tunaijua hofu hiyo. Serikali ilipotaja magari ya waya Kilimanjaro mwaka 2019, wapagazi wetu waliuliza swali lilelile.

Nikubali kwamba kazi ya kumbeba binadamu mgongoni si ya kuombea idumu. Lakini kuiondoa bila kuweka nyingine ni kumpokonya mtu kibarua na kumwita aliyekombolewa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hesabu ya watu watakaofika mahali kama hapa. Hekalu limekaa kwenye kifusi kilichoachwa na barafu, kando ya mto, chini ya milima ya theluji. Juni 16 na 17, 2013 mvua ilishuka bila kukatika, ziwa la Chorabari lililoko juu likapasua kingo zake, na mafuriko yakapita mjini. Rambara, kituo cha kupumzikia katikati ya njia ya zamani, kikafutika kabisa. Katika jimbo zima zaidi ya watu 5,000 walikufa au kupotea. Hekalu lilinusurika, jiwe kubwa lilijikita nyuma yake na kuyagawa maji. Sasa watu wanalisujudia jiwe hilo, na mji umejengwa tena palepale.

Njia ndefu, pamoja na ukatili wake, ilikuwa chujio: ilipunguza wanaofika kwa siku moja, na ilimpa mwili muda wa kuzoea hewa nyepesi. Kumtoa mgonjwa wa moyo chini ya mita 2,000 na kumfikisha mita 3,583 kwa dakika 36 ni jambo la kuzungumza na madaktari kabla ya wahandisi.

Mwaka 2022, umati ulipozidi, serikali ya jimbo iliweka kikomo cha mahujaji 12,000 kwa siku Kedarnath. Gari la waya litaweza kubeba 18,000, bila kuwahesabu watakaoendelea kutembea. Ningeliunga mkono bila kigugumizi kama lingekuja kuchukua nafasi ya helikopta, na kama kikomo kingeandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Kampuni yenye miaka 29 ya kurudisha fedha yake itaomba kikomo hicho kipandishwe kila msimu, na wenye hoteli watakuwa nyuma yake.