Sikung'oka Meno Ukweni

Nianze na kukanusha: sikung'oka meno. Anayewaambia hivyo kwenye magrupu ni msindikizaji wangu, na yeye muda wote alikuwa ameinamia paja la kuku.

Mnaonifuata mnajua ugonjwa wangu: miti ya matunda ambayo jirani hana. Safari hii, kwa mkulima mmoja upande wa Busia, nilipata matunda matatu ya muujiza. Mti wenyewe asili yake ni Afrika Magharibi. Tunda ni jekundu, dogo, halina ladha ya maana, ila ukilimumunya, kwa dakika 30 au zaidi kila kitu kichachu kinageuka kitamu mdomoni. Mbegu yake ikikauka, imekufa. Na inataka udongo wenye asidi, ule ule unaopendwa na majani chai. Sasa ukweni kwangu ni Mudete, majani chai hadi mlangoni. Ningetaka nini tena?

Matatu ikipita Chavakali nikamumunya nyama yote, mbegu nikazibana shavuni zisikauke. Mpango ulikuwa nizitemee koponi kabla ya kufika langoni. Kumbe shangazi wa mchumba ametungoja stejini. Utatemaje mbele ya shangazi?

(Kabla hamjauliza: ndiyo, nilisalimia boma zima na mbegu shavuni.)

Tukaketi. Mama mkwe, kwa heshima za kwao, hakutokea. Yuko jikoni, anasikia kila neno. Shangazi akamimina maziwa lala kutoka kwenye kibuyu. Nikapiga funda. Utamu mtupu! Nami kwa adabu zangu zote nikapaza sauti ili jikoni wapate: "Jamani mama, sukari yote hii kwa ajili yangu?"

Kimya. Sufuria iliyokuwa ikikwaruzwa ikaacha. Baba mkwe akainua kikombe chake, akaonja, jicho moja likafumba lenyewe. Akaniangalia mimi. Akamwangalia shangazi. Akakiweka kikombe chini.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaona nizidishe kuonyesha kwamba nimefurahi: nikachukua nusu ya ndimu iliyoletwa kwa ajili ya kuku, nikaing'ata na ganda lake. Maji yakaruka moja kwa moja kooni. Nikahisi kikohozi kinapanda. Nikabana midomo. Machozi yakaanza. Msindikizaji, bila kuinua kichwa, akasema, "Pole." Ile pole ndiyo iliyonimaliza.

Mbegu ya kwanza ilitua kwenye kitambaa cha meza. Ya pili ikabingirika taratibu hadi sahani ya baba mkwe, ikasimama kando ya ugali. Sasa, mbegu hizo ni za kahawia, na mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Maji yetu yana floraidi. Rangi ya meno yetu mnaijua.

"Uwii!" shangazi akapiga yowe. "Ndimu imemng'oa meno!"

Nikafungua mdomo kuwaonyesha kwamba meno yote yapo. Ya tatu ikadondoka.

Basi, maelezo yakatolewa, jogoo akapita na moja, mbili nikazipanda kwenye kopo la udongo wa hapo hapo. Zikikubali, matunda labda baada ya miaka 3 au 4. Kuhusu sukari, mama mkwe hajasema neno mpaka leo. Baba mkwe ameuliza, kupitia msindikizaji, kama mazungumzo ya mahari yaendelee au tungoje nimwone daktari wa meno kwanza.