Fulana ziliisha saa mbili, foleni ya hema ikabaki

Oktoba ikifika, Moshi nayo huvaa pinki. Mwaka jana nilijitolea kwenye matembezi ya hisani ya saratani ya matiti yaliyoanzia jirani na mnara wa saa. Nilipangiwa meza ya fulana. Tulikuwa sita pale mezani. Kwenye hema la uchunguzi alikuwepo nesi mmoja na binti wa kuandika majina. Mgawanyo huo ndio unaonisumbua hadi leo.

Wanaoyabeza matembezi haya wana hoja. Wanasema wanaotembea ni watu wa ofisini wenye bima, na kwamba fulana, spika na maji ya chupa vinakula hela ambayo ingemfikisha mgonjwa hospitali. Kwa tuliyoyaona asubuhi ile, siwezi kuwakatalia.

Ila kuna kitu hawakihesabu. Huku kwetu titi la mama halitajwi mbele ya baba mkwe, na mwenye uvimbe hujifunika kanga akanyamaza. Siku ile bodaboda mmoja alisimama akaniuliza kwa kicheko, "Kwani na sisi wanaume tunaugua hiyo?" Nikamwambia ndiyo, wanaume hawazidi mgonjwa mmoja katika kila mia, lakini wapo. Kicheko kikakatika, akaanza kuuliza habari za dada yake. Mazungumzo hayo hayaanzi hivihivi barabarani. Yaliletwa na kelele zetu.

Halafu akaja mama mmoja wa Kiboriloni, beseni la ndizi kichwani.

"Mwanangu, huko kupimwa ni bei gani?"

"Ni bure, mama."

"Kuna kitu kama kokwa hapa. Ila hakiumi."

Hapo ndipo wengi wanapokwama: uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi, na kisichouma husubiri. Nesi alimpapasa hadi kwapani, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali. Kwa hilo Moshi ina bahati, hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapahapa, na wapo wanaotoka mikoa mingine kuifuata. Lakini kati ya karatasi na kitanda cha daktari kuna nauli, kuna mume wa kuambiwa, kuna ndizi zitakazooza. Yule binti aliandika jina na mtaa. Namba ya simu hakuandika, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake. Saa nne hema lilikunjwa, na kina mama walikuwa bado kwenye foleni.

Shirika la Afya Duniani liliweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize matibabu. Matembezi yetu yanagusa lengo la kwanza, tena kwa ncha ya kidole. Zile siku 60 zinaanza wakati sisi tunafungasha spika.

Nilipendekeza tuwapigie simu kina mama walioandikiwa karatasi, tujue kama walifika hospitali. Mwandaaji mmoja alinipinga: simu ya nyumbani hupokelewa na yeyote, na mtu asiye muuguzi anaweza kumwaga siri ya mgonjwa. Ni kweli, na ni hoja nzito kuliko ile ya fulana. Basi nesi atufundishe cha kusema, na mama mwenyewe achague namba ya kupigiwa, hata kama ni ya dada yake. Fulana zipunguzwe nusu zilipie nauli.

Mwaka huu nimeombwa tena meza ileile. Nimejibu nitakuja na daftari, nikae hemani. Bado hawajanijibu.