Masomo ya Nje kwa Mwanafunzi wa Sheria wa Nyanda za Juu Kusini: Aende Lini, Akasomee Nini?

Kila mwaka wanafunzi wa sheria wa vyuo vya Iringa na Mbeya hupashana habari za nafasi za kusoma nje: muhula mmoja Ulaya, kozi fupi Afrika Kusini, au shahada nzima India na Uingereza. Wazazi nao huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama fedha na muda utakaotumika huko vitamrudisha kijana akiwa wakili bora kuliko yule aliyebaki nyumbani.

Ugumu unaanzia kwenye somo lenyewe. Mhandisi aliyejifunza Ujerumani namna ya kupima uimara wa zege ataupima vivyo hivyo Makambako, lakini sheria hufungwa na mipaka ya nchi. Aliyesoma shahada yake yote ya kwanza ng'ambo anaweza kuwa hodari wa sheria ya mikataba, ilhali hajawahi kuifungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 wala Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Tumfikirie akiwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akimtetea mama mwenye shamba la miti Mufindi, ambaye ushahidi wake mkubwa ni muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri wa kijiji. Upande wa pili unadai kuwa kikao hicho kilikuwa cha Halmashauri ya Kijiji peke yake. Wakili asiyejua kwamba Halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia hataona kuwa shauri zima limesimama hapo, na jambo hilo hatalikuta kwenye mtaala wa London. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaopinga masomo ya nje, nami naikubali inapohusu shahada nzima ya kwanza.

Haitoshi, hata hivyo, kufunga mlango. Sheria yetu yenyewe ina mizizi ya nje: mahakama zetu bado hutumia, kwa masharti, kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Kenya, Uganda au Zambia hunukuliwa mbele ya majaji wetu kwa nguvu ya kushawishi, ingawa haziwafungi. Tena ipo migogoro inayozaliwa huku kwetu na kuamuliwa mbali. Kampuni ya Winshear ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini magharibi mwa nchi, ilipopoteza leseni yake kufuatia mabadiliko ya sheria za madini iliishtaki Serikali katika ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji kilichoko Washington, na mwaka 2023 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kuilipa dola milioni 30. Mashauri ya namna hiyo yana taratibu zake, ushahidi wake na mawakili wake waliobobea, na walimu waliowahi kuyaendesha ni vigumu kuwapata katika vyuo vyetu. Nchi inayoshtakiwa huko inahitaji vijana wake wawe wamekaa darasani na watu hao, kwa sababu bila hivyo itaendelea kukodi mawakili wa kigeni ili waieleze mikataba iliyosaini yenyewe.

Wanaopinga hukumbusha pia matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, yaliyozua mjadala mwaka 2022, ambapo wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu moja kwa moja, hata Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wanasema fedha ziende kwanza kwenye maktaba na walimu wa hapa. Ni kweli kabisa. Lakini sehemu ya udhaifu wetu ni mazoea ya kutegemea madesa, yaani muhtasari wa masomo unaorithishwa na wanafunzi, badala ya kusoma hukumu nzima na kuitetea hoja kwa maandishi, na muhula mmoja mahali ambapo mwanafunzi hulazimishwa kufanya hivyo kila wiki unaweza kumvunjia mazoea hayo.

Suala la lugha lina pande zote mbili: masomo ya nje humnoa mwanafunzi katika Kiingereza, ilhali tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na mteja wa Tukuyu anahitaji hati anayoielewa.

Linalonisikitisha ni kwamba tukisema nje tunafikiria ndege tu. Kutoka Mbeya, mpaka wa Kasumulu wa kwenda Malawi na ule wa Tunduma wa kwenda Zambia hufikiwa kwa basi ndani ya siku hiyo hiyo. Sheria inafundishwa Zomba na Lusaka, katika nchi zenye urithi wa sheria ya Kiingereza kama sisi na zenye ardhi ya kimila kama yetu, na watu wa pande hizo wameoleana na kufanya biashara na wetu tangu zamani, kiasi kwamba mirathi na madeni huvuka mpaka pamoja nao. Muhula mmoja huko, katika mwaka wa tatu, ungemfaa wakili mtarajiwa wa Mbeya kuliko mwaka mzima Ulaya. Ulaya na Pretoria zimfae baadaye, akiwa tayari ni wakili na anajua anachokifuata.

Kwa anayepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, kwa mfano kupitia mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, ada haidaiwi na chuo kinachompokea, lakini safari za Dar es Salaam kushughulikia viza na fedha za kuanzia maisha vinaweza kumkwamisha mtoto wa mkulima wa Njombe. Vyuo vyetu vitenge fedha kwa ajili ya hilo. Vilevile mkuu wa kitivo aidhinishe kwa maandishi, kabla mwanafunzi hajaondoka, masomo yatakayohesabiwa atakaporudi, ili asilazimike kurudia muhula mzima alioumaliza kwa kufaulu.