Yule binti wa kwenye simu ya mama

Mama yangu yupo Ujiji, macho presha ya macho imeshayala, simu ya tachi kwake ni kioo tu. Sa miaka kadhaa nyuma nilimwekea ile programu ya kuongea na simu, unaiambia piga kwa fulani inapiga. Shida ilikuwa inaelewa kiingereza tu, basi bi mkubwa akajifunza kusema "kol Hamisi" kwa lafudhi yake mwenyewe, siku nyingine inampigia Hamisi, siku nyingine inampigia Hamida wa Kasulu ambaye hawaongei tangu ule msiba, lakini wakazoeana hivyo hivyo. Akawa anaiita "yule binti". Mpaka siku binti hakuitika. Huduma imefungwa, taarifa wameituma kwa maandishi, tena kwa kiingereza, kwenye simu ya mtu asiyeona. Mama kaniuliza, "Mwanangu, yule binti nimemkosea nini?"

Nilikasirika wee, alafu nikaona kosa langu. Cha kuazima hakisitiri matako, tunausema huu msemo kila siku kwenye nguo ila kwenye simu tunausahau. Na wala hatujaanza sisi. Uingereza walikuwa na Wildfire, katibu wa kwenye laini, unapiga unamwambia niunganishe na fulani, nisikilizishe ujumbe, na watu walimpenda kweli. Orange, kampuni ya simu, wakainunua kampuni yake mwaka 2000, ilipofika 2005 wakamzima. Ungempenda vipi, swichi iko kwao.

Ndo nikaenda kwa Asterisk, programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu. Hii aliianza Mark Spencer mwaka 1999 huko Marekani, alikuwa na kakampuni ka kusaidia watu wa Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akataka mtambo wa simu wa ofisi, bei ikamshinda, akaandika wa kwake kwenye kompyuta ya kawaida alafu akauachia dunia nzima bure. Kampuni yake Digium ilikuja kununuliwa na Sangoma mwaka 2018 na unajua mtambo wangu hapa Mwanga ulipata shida gani? Hakuna. Programu ninayo, hakuna wa kuja kunizimia.

Mtambo wenyewe usitegemee maajabu. Raspberry Pi, yaani kakompyuta kadogo ka kushika mkononi, betri na sola kidogo maana umeme wetu tunaujua, na modemu mbili za Huawei za zamani zile zinazokubali sauti. Mbili kwa sababu moja inapokea simu ya mama, nyingine inatoka kumpigia anayemtaka, modemu moja haibebi simu mbili. Laini zote nimesajili kwa kidole changu, sio yale mambo ya kupitisha simu za nje kinyemela, msije mkaniletea maneno. Mama nikampa kitochi, anabonyeza mbili na kuishikilia, mtambo unaijua namba yake, unamwambia kwa sauti ya dada yangu, "Shikamoo mama, Hamisi bonyeza moja, shangazi bonyeza mbili." Na mama anaitikia marahaba kabla ya kubonyeza. Kila mara.

Mtaniuliza mbona sikuweka ei-ai imsikilize. Nilijaribu Whisper, programu ya kugeuza maneno ya mtu kuwa maandishi, ni ya bure na kiswahili inakijua, ila kwenye kamashine kale inatambaa, na sauti ya simu inakuja imekondeshwa, na mama akichoka anahamia kiha. Nikaachana nayo. Kitochi kina vibonye, na namba tano katikati ina kile kinundu, kidole kinaona chenyewe. Kwangu mimi kijinga kinachoitika kila siku nakipenda kuliko kijanja cha watu.

Kilichonitoa jasho ni saa. Mama kasema binti wa zamani hakuwahi kumwambia saa ya maana, na kweli, mambo ya "eti oklok" yangemfaa nini mtu anayesubiri kusikia saa mbili? Asterisk ina namna yake ya kutaja saa ila inahesabu kizungu, ikabidi nitoe masaa sita mwenyewe, alafu nirekodi moja mpaka kumi na mbili, na asubuhi, mchana, jioni, usiku, na hapo ndo nikagundua mimi na dada hatukubaliani jioni inaanza saa ngapi. Yeye anasema saa tisa, mi nasema mpaka saa kumi. Tukampigia mama atuamulie, kasema jioni ni alasiri ikishasaliwa, sasa hiyo kaiandike kwenye programu wewe.

Sehemu ya saa nilirekodi kwa sauti yangu kwa sababu dada alikuwa safarini, na siku hiyo nilikuwa na mafua. Ni miezi sasa. Wiki iliyopita mama kanipigia, kupitia mtambo huo huo, kaniuliza nimekunywa dawa gani maana kila ikifika saa sita ananisikia naumwa.