Kompyuta ya mezani na vidole vya miaka mitatu

Mwambie mtu umemwandalia mtoto wa miaka mitatu kompyuta, atakutazama kama mzazi aliyechoka kulea. Mtoto huyohuyo akipewa simu ya mama yake ili wageni wazungumze kwa utulivu, hakuna anayeguna.

Wanaoguna hawakosi hoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo heri. Michezo ya kompyuta nayo imo katika hesabu hiyo, sitaficha. Ila saa hiyo 1 inatajwa kila mahali kama dozi ya dawa, na wachache husoma yanayoizunguka. Mwongozo wenyewe unahusu kucheza, kukaa na kulala. Unataka mtoto wa umri huo apate dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, na anapokaa, asomewe au asimuliwe hadithi na mtu mzima. Kila nikiusoma naona umeshughulika sana na mtoto anayekaa tu, akitazama.

Sasa chukua saa hiyo uipime kwa simu. Video ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Mtoto anahama nayo kitandani, chini ya meza, hata chooni. Nani anahesabu? Kompyuta ya mezani haina miguu. Ipo sebuleni, kila apitaye anaiona, na kiti chake kinatosha mtu mzima mmoja na mtoto mapajani.

Lakini hiyo kompyuta ilivyo dukani haikutengenezewa vidole vile. Mpwa wangu ana miaka mitatu na nusu. Siku ya kwanza nilimkalisha mbele ya ile ninayofanyia kazi, bila kubadilisha kitu. Haukupita muda akabonyeza Shift mara tano mfululizo. Windows ikalia na kuleta kidirisha cha kuuliza kama tunataka Sticky Keys, yaani kitufe kama Shift kihesabiwe bado kimeshikiliwa hata kikiachwa. Nikakifunga, akabonyeza tena, maana mlio umemfurahisha. Kisha akaangukia Ctrl, Alt na mshale wa chini kwa pamoja, na picha nzima ikapinduka kichwa chini, kama zifanyavyo kompyuta nyingi za zamani zenye grafiki za Intel. Yeye anacheka, mimi nahangaika na kipanya kinachokwenda kinyume.

Gumu kuliko yote lilikuwa kubofya mara mbili. Kwetu si kazi. Kwake, kati ya bofyo la kwanza na la pili mkono unateleza, na aikoni inaburutwa badala ya kufunguka. “Mjomba, fungua.” Baada ya dakika mbili, “Mjomba, fungua.” Hapo kompyuta ilikuwa mimi.

Kurekebisha hakukugharimu hata shilingi. Nilimfungulia akaunti yake isiyo na ruhusa ya kusakinisha programu, nikaweka bofyo moja litoshe, nikakuza kishale, nikazima njia ya mkato ya Sticky Keys na ile ya kupindua picha, nikakata intaneti. Kwenye skrini zikabaki aikoni tatu. Mojawapo ni Tux Paint, programu huria ya kuchora iliyopo tangu 2002, na uzuri wake ni kwamba mtoto akihifadhi mchoro haulizwi jina la faili wala folda. Anabofya, mchoro umehifadhiwa. Siku ya tatu alifungua mwenyewe, akageuka kunitazama, hakusema kitu.

Kuna pingamizi moja linaloniuma kweli: ugumu wa kompyuta ulikuwa uzio, nami nimeuvunja. Mtoto asiyeweza kufungua kitu huchoka, akaenda kucheza nje. Tena ujuzi wa kipanya hauna haraka. Anayeanza darasa la kwanza bila kuujua ataushika upesi tu. Yote mawili nakubali. Ila nyumbani kwetu aliyezuiwa na uzio huo hakwenda nje, alikwenda kwenye simu. Na kurahisisha huku kumepunguza vitu kuliko kulivyoongeza: michoro inaisha, mkono unachoka, hakuna kinachoanza chenyewe, na mimi nipo palepale nikiulizwa kwa nini ng'ombe wake ana miguu sita.

Mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu, naye analilia kiti kilekile. Huyo sikumrahisishia chochote. Nilimpa kibodi mbovu, nikaikata waya na kukagua vitufe visije vikachomoka akavimeza. Anaigonga kwa viganja vyote viwili kando ya dada yake, na mpaka leo hajalalamika kwamba haiwaki.