Nimeacha Kuhesabu kwa Mwezi

Kila Januari hapa Mombasa husikika malalamiko yale yale: mwezi umekuwa mrefu, pesa zimeyeyuka, karo imetujia ghafla. Nami nimelalamika hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja nikajiuliza ni ghafla gani hiyo ambayo tarehe yake ilitangazwa tangu mwaka uliotangulia. Shule hufunguliwa Januari. Ramadhani huingia kila mwaka. Kusi, upepo wetu wa kusini, huvuma, bahari huchafuka na samaki hupanda bei, na hali imekuwa hivyo tangu enzi za mababu wa babu zetu. Maoni yangu, ambayo najua hayatawapendeza wale wanaoamini kwamba nyumba hufilisiwa na mahamri ya asubuhi na viazi karai vya jioni, ni kwamba familia zenye kipato kama changu huumizwa zaidi na mambo zinazoyajua kuliko na yale ya kushtukiza, na kwamba tunajiumiza wenyewe kwa kupanga matumizi ya mwezi ilhali gharama zetu zinakwenda kwa mwaka.

Nitaanika hesabu yangu, kwa sababu mazungumzo ya kubana matumizi yasiyo na tarakimu ni porojo. Tuko watano, tunaishi Kisauni katika vyumba viwili. Mume wangu ni karani wa kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Mshahara wake ni shilingi 32,000 kabla ya makato, na baada ya kodi ya mapato, akiba ya uzeeni, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango mdogo wa ushirika wa kazini, kinachoingia nyumbani ni kama 27,000. Bima na tozo hiyo peke yake huchukua 1,360 kwa mwezi, yaani 16,320 kwa mwaka, na gesi yetu ya kupikia ya mwaka mzima ni 18,000. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na nikijumlisha risiti zangu za mwaka napata kama 156,000. Vyote pamoja kwa mwaka ni 480,000.

Ukigawanya kwa 12 unapata 40,000, na hapo ndipo uongo unapoanzia, kwa kuwa sikumbuki hata mwezi mmoja ambao nyumba yangu ilipata 40,000. Desemba na Januari nashona sare za shule mpaka usiku wa manane. Katika Ramadhani wateja hunijazia vitambaa vya nguo za Idd hadi sina pa kukaa. Kisha hufika Julai na Agosti, cherehani ikakaa siku tatu bila kuguswa. Matumizi nayo yana mawimbi yake. Mwanangu mkubwa yuko katika shule ya kitaifa ya bweni, ambayo karo yake rasmi ni 53,554 kwa mwaka, hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Muhula wa kwanza peke yake, basi, ni 26,777. Mshahara wa mume wangu wa Januari ukilipiwa karo, zinabaki shilingi 223, na kodi ya nyumba haijaguswa.

Yaliyosalia nayataja haraka. Kodi ya nyumba ni 120,000 kwa mwaka, chakula 182,500, mahitaji ya watoto wawili wanaosoma kutwa 20,000, maji ya kununua 15,000, umeme 14,400 na nauli ya mume wangu 26,000. Ukiongeza karo na gesi unapata 449,454. Zinabaki 30,546 za kutibiwa, kuvaa, kuzika, kuozesha na kusaidia wazee. Kwa hivyo ninapoambiwa niache chai ya maziwa ili niwe na akiba, huwa nacheka.

Dawa yangu niliipata mahali ambapo sikutarajia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, na sikumbuki kumsikia akitaja Machi wala Aprili. Alihesabu miongo. Mwaka wa pwani, ule unaoanza Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, hugawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku 10, na mwishoni husalia siku 5. Kwa hesabu hiyo wazee walijua lini kaskazi italegea, lini masika yatashuka, lini chombo kipandishwe pwani kikarabatiwe. Ilikuwa hesabu ya watu waliojua kwamba kipato hakiji sawasawa, na hesabu ya namna hiyo inanifaa mimi kuliko ya karani anayelipwa tarehe 30.

Nikachukua daftari, nikaugawa mwaka wangu miongo 36. Chakula cha shilingi 500 kwa siku ni 5,000 kwa mwongo, na ukizidisha utaona kwamba miongo 36 ni 180,000, na siku 5 za mwisho ni 2,500. Faida ya siku 10 ni kwamba kosa linaonekana mapema. Katika hesabu ya mwezi, mtu hula vizuri wiki ya kwanza, hujikaza ya pili, ya tatu huomba dukani aandikiwe, na ya nne hukopa kwenye simu. Katika mwongo, ikifika siku ya 7 nikakuta zimebaki 900, najua siku tatu zijazo ni mchicha, mbaazi na ugali, na deni halijazaliwa bado. Mume wangu hukabidhi fedha ya chakula ya mwezi mzima kwa pamoja, nami huitia katika bahasha tatu. Ni jambo dogo, lakini tangu tulianze sijachukua mkopo wa simu kwa ajili ya unga, na mwenye kuijua mikopo hiyo anajua ada yake hukimbia kuliko siku.

Jambo la pili ni kuacha kununua kwa kupima, yaani kidogo kidogo kwa kikombe na robo. Najua kwa nini watu hununua hivyo, kwani nimenunua hivyo nusu ya umri wangu: mkononi una shilingi 100, huwezi kununua lita ya mafuta. Lakini nilipoandika kila kitu kwa mwongo mmoja niliona kwamba kikombe cha mafuta cha shilingi 30 nilikinunua mara 12 ili kupata lita ambayo dukani ni 300. Sukari ya robo kilo ilikuwa 45, ya kilo 160. Kwa matumizi yetu ya lita 3 za mafuta na kilo 6 za sukari kwa mwezi, tofauti hiyo ni shilingi 300, na kwa mwaka ni 3,600. Asiye na kitu ndiye anayenunua ghali. Fedha ya kwanza kabisa niliyoiweka akiba, shilingi 2,000 za sare za Januari, sikuipeleka benki. Niliigeuza kuwa mafuta, sukari na sabuni, na sijui benki ambayo ingenipa faida kama hiyo.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wanaosifu ununuzi wa jumla mara nyingi hawakai pwani. Joto letu na unyevu wake havina huruma. Niliwahi kujaza pakiti za unga chini ya kitanda kwa furaha ya kupunguziwa bei, nikazifungua baada ya miezi miwili nikakuta wadudu wamenitangulia. Viazi huchipua, vitunguu huoza. Sasa vitu vya aina hiyo tunanunua wanawake wanne wa mtaa mmoja: tunakwenda soko la Kongowea alfajiri, malori yakiwa bado yanashusha, tunachukua gunia moja la viazi au neti ya vitunguu na kugawana kabla jua halijawa kali. Vitu ambavyo kila mmoja hujiwekea peke yake ni sukari, chumvi, sabuni na mafuta.

Samaki ana kalenda yake. Kusi huanza kuvuma Aprili au Mei na huendelea hadi Septemba hivi, na wakati huo mashua ndogo na ngalawa hazitoki kama kawaida, kwa hivyo changu na tasi wakionekana sokoni huwa kwa bei ya kutisha. Zamani nilipambana na kusi kwa kulipa. Siku hizi wakati wa kaskazi, samaki wakiwa wengi, tunakula samaki bila kujinyima, na ndimu na maembe mabichi nayageuza achari kwa jua la Januari. Kusi ikija tunahamia papa mkavu, dagaa na mbaazi za nazi. Watoto hulalamika juu ya papa kwa sababu ya harufu, nami huwajibu kwamba babu yao alikula hivyo akafikisha miaka 80 na kitu.

Maji yananikasirisha zaidi ya chochote. Mji huu hutegemea maji yanayotoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bomba la mtaani hukauka linavyotaka. Mtungi wa lita 20 wa mkokoteni kwetu ni shilingi 20. Inasikika kama senti, lakini mitungi 50 ndiyo lita 1,000, na hiyo ni shilingi 1,000. Nilichoweza kufanya ni kuweka pipa chini ya mabati wakati wa masika na kutumia maji ya chumvi ya kisima kwa kupigia deki. Kuhusu umeme sina mengi: bei ya uniti hupanda wastani wako ukivuka uniti 30 kwa mwezi na hupanda tena ukivuka 100, kwa hivyo nguo za wateja nazipiga pasi ya makaa, na feni tunaiwashia watoto peke yao usiku wa Februari.

Kisha kuna kalenda ya mwezi mwandamo, ambayo wapangaji wengi huisahau. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 imeanza Februari, 2028 itaingia mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba mwezi wa futari, zakatul-fitr na nguo za Idd unasogelea taratibu mwezi wa karo, na kwa miaka kadhaa vitakaa pamoja. Mwanangu mkubwa atakuwa amemaliza, lakini mdogo wake atakuwa ameshika zamu. Kwangu mimi fundi kuna nafuu kidogo kwa kuwa kazi ya sare na kazi ya Idd zitakutana pia, ila vidole vyangu ni kumi tu. Ndiyo maana tende, mchele wa futari na sukari ya kaimati nimeanza kuvinunua miongo sita kabla, kidogo kidogo, kwa vile hata wafanyabiashara nao wanaijua kalenda hiyo.

Katika chama chetu tuko wanawake 12, kila mmoja hutoa 2,000 kwa mwezi na mmoja huchukua 24,000. Kwa miaka mingi nilifurahia kuvuta kura na kupata zamu ya mapema, nikanunua kabati, nikanunua pazia. Sasa naomba zamu ya Desemba, na wenzangu hunipa kwa urahisi kwa sababu hakuna anayetaka kungoja hivyo. Hizo 24,000 nikiziongezea 2,777 ndizo karo ya muhula wa kwanza, na mshahara wa Januari unabaki mzima.

Mahali ninaposhindwa ni harusi. Ukoo wetu ni mkubwa, na kila harusi ina sare yake: doti ya leso ya siku hii, dera la siku ile, na kundi la simu linalokumbusha majina ya waliotoa na wasiotoa. Mwaka uliopita nilivaa sare nne ambazo sijazigusa tena. Nasema hivi huku nikijua kwamba sare hizo hizo mimi ndiye ninayezishona, kwa hivyo nakifukia kisima ninachochota. Hata hivyo mwaka huu nimewaambia ndugu zangu kwamba nitashona bure nguo ya bibi harusi wa karibu na sitanunua sare ya yeyote. Shangazi mmoja amenuna. Wengine wawili wamenipigia simu kando, kwa sauti ya chini, kuniuliza nilisemaje hasa, ili nao waseme vivyo hivyo.

Juma lililopita mwenye nyumba ametuarifu kwamba kuanzia Januari kodi itapanda kwa 1,000. Hiyo ni 12,000 kwa mwaka, na 30,546 zangu zinashuka hadi 18,546. Mume wangu alipendekeza tuhamie Mtwapa, ambako rafiki yake analipa kidogo. Tulikaa na daftari tukaona kwamba nauli yake ingeongezeka kwa shilingi 100 kila siku ya kazi, yaani 26,000 kwa mwaka, hata kabla ya kukodi gari la kuhamisha vitanda na cherehani. Tutabaki Kisauni. Shilingi 8,000 nimeziona katika sare za harusi, na 4,000 zilizosalia bado tunazitafuta, mwongo kwa mwongo.