"Fundi, nishonee huu": mwanamke wa jaridani na anayemtazama

Kwa fundi wangu wa nguo, Mwananyamala, ukuta wa juu ya cherehani umebandikwa kurasa za majarida. Zimepauka, na nyingine zimeliwa na mende pembeni. Wanawake waliomo karibu wote ni wembamba, maji ya kunde, mkono kiunoni. Jumamosi moja nilikuwa kwenye benchi nikisubiri suruali ipunguzwe, mama mmoja akaingia na doti ya kitenge, akanyoosha kidole ukutani.

"Fundi, nishonee huu."

"Huu wa mgongo wazi?"

"Huo huo. Mgongo funika. Mikono ilete mpaka kwenye kiwiko. Na huo mpasuo ushone, naenda kwenye kipaimara cha mjukuu wangu."

"Basi siyo huu tena, mama."

"Ni huu. Wewe pima."

Wanaosomea habari na mawasiliano wana jina la kitendo kile. Mwaka 1973, akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwanazuoni Stuart Hall aliandika kwamba anayetengeneza ujumbe husimba maana ndani yake na anayeupokea huisimbua, wala hakuna hakikisho kuwa kilichotiwa ndicho kitakachotolewa. Mpokeaji anaweza kuimeza maana kama ilivyo, anaweza kuitupa, na anaweza kupatana nayo kama watu wanavyopatana bei sokoni. Hall alikuwa akizungumzia televisheni, lakini kwa fundi nadharia yake inakaa sawasawa. Mama alipatana na picha: alichukua kola na kitambaa cha kiunoni, mgongo akamwachia mwenyewe.

Hadithi hii ni tamu kwa sisi tunaopenda kuamini kwamba msomaji si mjinga. Tatizo ni kwamba kuna wanazuoni waliokwisha kuitazama picha yenyewe kwa makini kabla ya mama kuifikia, na walichokiona si kidogo.

Laura Mulvey, mwaka 1975, alidai kwamba sinema za Hollywood zimepangwa kwa jicho la mwanaume: mwanaume ndiye anayesukuma kisa, mwanamke yupo ili atazamwe. Kuihamishia hoja hiyo kwenye majarida kunahitaji uangalifu, maana jarida la wanawake hununuliwa na wanawake, na yule wa kwenye jalada anamkazia macho msomaji bila aibu yoyote. Hapo John Berger, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, anatufaa zaidi. Kwake, mwanamke hufunzwa kujitazama kama anavyotazamwa. Jicho la mwanaume si lazima liwepo chumbani. Limeshahamia ndani ya kioo.

Mimi aliyenishawishi zaidi ni mwanasosholojia Erving Goffman. Mwaka 1979 alichapa kitabu chenye mamia ya picha za matangazo na kuanza kuonyesha vitu ambavyo hatuvioni kwa kuvizoea. Mikono, kwa mfano. Mwanaume ameshika chupa, kaikamata. Mwanamke anaigusa kwa ncha za vidole, kama anaogopa kuiamsha. Mwanaume amesimama, mwanamke amelala kitandani au ameketi sakafuni; mwanaume anatazama mbele, mwanamke macho yamepotelea pembeni huku goti moja limekunjwa. Jaribu mwenyewe: chukua jarida lolote la saluni, kisha mwambie kaka yako akae mkao wa yule dada wa tangazo la losheni. Mkiangua kicheko, kicheko hicho ndicho ushahidi wa Goffman.

Gaye Tuchman naye, mwaka 1978, alihoji hata uwepo wenyewe: mwanamke hufutwa kwenye vyombo vya habari kwa kutoonekana, na anapoonekana hulaumiwa au hupunguzwa uzito.

Kwa hiyo picha inafundisha. Nakubali. Ila hoja ya "picha inafundisha" ina historia kwetu, na historia hiyo inanifanya niishike kwa kibano. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zipigwe marufuku kuanzia Januari 1, 1969, kwa sababu ni utamaduni wa kuiga. Kabla hata tarehe haijafika, vijana walikuwa wanawavamia wanawake Kariakoo. Hakuna mchapishaji wala muuza vipodozi aliyechaniwa nguo. Aliyekamatwa njiani ni msichana aliyekuwa anasubiri basi. Kila ninaposikia mtu akisema majarida yanawaharibu mabinti zetu, huwa nauliza kimoyomoyo: adhabu atapewa nani?

Anayeonyesha vizuri ugumu wa jambo hili ni mtafiti Mwingereza Angela McRobbie, kwa sababu yeye mwenyewe aliyumba hadharani. Mwaka 1978 alichambua Jackie, jarida la wasichana lililochapwa Dundee, Scotland, kuanzia 1964 hadi 1993, akahitimisha kwamba linawafungia wasichana kwenye chumba kimoja: mapenzi, na jinsi ya kumpata mvulana. Baadaye akakiri kwamba alikuwa amewasahau wasichana wenyewe, wanavyolisoma, wanavyocheka nalo. Ilipofika 2009 akageuka tena, akionya kwamba ule uhuru wa kuchagua unaouzwa majaridani ni kamba ileile iliyofungwa utepe. Wengine humwona kigeugeu. Mimi naona ni mtu aliyekuwa anatazama kitu kinachosogea.

Katikati ya safari hiyo ndipo msomi mwingine, David Gauntlett, alipoingia, mwaka 2002, na picha ya jarida kama sanduku la vifaa: msomaji huchagua kinachomfaa kujijengea nafsi yake na kuacha mengine. Joke Hermes alikuwa amekwenda mbali zaidi mwaka 1995. Alipozungumza na wasomaji Uholanzi, alikuta wengi hawalichukulii jarida kwa uzito wowote. Ni kitu cha kusoma wali ukiiva, rahisi kukiweka chini. Kwa Hermes, wachambuzi ndio tunaodhani kila ukurasa umejaa maana.

Sawa. Lakini wote hawa, wa upande huu na wa ule, wamekaza macho kwenye picha na msomaji. Mimi ningeanzia ukurasa wa barua.

Jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye kuwa na toleo la Afrika Mashariki, lilikuwa na safu ya ushauri ikiitwa "Dear Dolly". Jina lilitoka kwa Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji aliyekuwa nyota wa Johannesburg. Vijana wa kike na wa kiume walimwandikia: mchumba kanyamaza, baba kakataa, nina mimba nifanyeje. Na Dolly akawajibu kwa sauti ya dada mkubwa. Tatizo ni kwamba waliokuwa wanajibu ni wanaume wa chumba cha habari. Binti aliyeficha siri kwa mama yake aliifungia kwenye bahasha na kuipeleka kwa waandishi wa kiume waliovaa jina la mwanamke.

Hapo Goffman hana pa kushika, kwa kuwa hakuna mkono wala goti. Hata kupatana kwa Hall kunakwama, kwa sababu unapatana na muuzaji unayemjua. Yule mama wa kitenge alijua anachokikata. Mwandishi wa barua hakujua anaongea na nani.

Na nyuma ya anayejibu yuko anayelipa. Drum hilohilo lilibeba matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi, kurasa chache kutoka kwenye picha za warembo wa Kiafrika. Gloria Steinem, mmoja wa walioanzisha jarida la Ms. Marekani mwaka 1972, amesimulia jinsi kampuni ya vipodozi ilivyokataa kutangaza kwa sababu wanawake wa Kisovieti waliokuwa kwenye jalada hawakujipodoa. Mwaka 1990 Ms. likaacha matangazo kabisa, likamtegemea msomaji. Hapa ndipo ninapoachana na Gauntlett. Msomaji huchagua, ndiyo, ila huchagua kati ya vilivyobandikwa, na anayebandika ana ankara za kulipa. Mama aliweza kufunika mgongo. Hakuweza kumwomba fundi amtafutie ukutani mwanamke mnene mweusi wa umri wake, hakuwepo.

Hapa kwetu kuna waliojaribu kushika vyote viwili, kalamu na mashine ya kuchapa. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianzishwa 1987, na Machi 8, 1988 kikatoa jarida lake, Sauti ya Siti. Jina lilichaguliwa kwa akili. Siti binti Saad, malkia wa taarabu wa Unguja, alisimangwa kwa wimbo kwamba kama si sauti yake asingepata hata cha kula. Naye akajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ni kukosa akili. Jarida lingeweza kuitwa Sura ya chochote. Likaitwa Sauti. Jarida la harakati lina mtego wake pia, kwa sababu ukijaza kurasa kwa kesi za vipigo na mirathi, mwanamke anageuka kuwa mtu wa kudhulumiwa tu, hacheki wala hapendi nguo. Lakini walau anayejibu barua anajulikana ni nani.

Ukuta wa fundi wangu haujaongezwa ukurasa mpya siku nyingi. Wateja sasa wanakuja na simu. Majuzi dada mmoja alimwekea picha mezani, akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena, mpaka kioo kizima kikabaki na vifungo vitatu na ukingo wa mfuko. Kichwa cha mwanamitindo kilishatoka nje ya simu zamani. "Hapa tu," akasema. Fundi akainama, akaanza kuhesabu vifungo.